Ua Mpya Ukiwa na Kasoro, Muhali wa Nini?

Katika miji yetu ya pwani, ua si pambo la bustani tu. Ni stara. Nyuma yake watu wa nyumbani hufua, huanika, hupika na hupunga upepo wa jioni pasi na kutazamwa na kila apitaye njiani. Basi mtu anapotoa fedha zake akajengewa ua wa mbao, na baada ya miezi mitatu mbao zikaachana hata wapita njia wakachungulia ndani, kilichopotea si fedha peke yake.

La kustaajabisha ni kuwa mwenye ua huo aghalabu hasemi neno. Ukimwuliza, atakujibu: "Nimwambieje fundi, na mamake na mama yangu ni mashoga tangu utotoni?" Ataziba matundu kwa mkeka mkuukuu au kipande cha turubali, na fundi atakwenda mtaa wa pili kujenga ua mwingine kwa mbao za namna ile ile. Muhali wa aina hii twauita adabu, lakini mimi naona umekuwa mlango wa hasara: mteja hudhulumika kimya kimya, na fundi hupokonywa nafasi ya kujua makosa yake.

Hata hivyo, kabla ya kulalamika yafaa mtu ajue kasoro ni ipi. Mti mbichi una maji mengi ndani yake, na unapokauka husinyaa kwa upana, ama kwa urefu haupungui ila kidogo mno. Ndiyo sababu mbao zilizopigiliwa mbichi mwezi wa Disemba, zikiwa zimegusana bega kwa bega, ifikapo Machi kaskazi imezikausha na kidole chapita baina yao. Hiyo ni kasoro, na ni ya fundi, kwani yeye ndiye ajuaye ubao mkavu kwa uzani wake mkononi na kwa sauti yake unapogongwa. Lakini ufa mwembamba wa juu juu unaofuata nyuzi za mti, au fundo lililoshika imara, au mbao kugeuka rangi ya kijivu kwa jua, hayo ni maumbile. Kumgombeza fundi kwa hayo ni kumwonea.

Mabaya zaidi hujificha chini ya udongo. Siku hizi nguzo nyingi ni za mvinje, mti unaopandwa kwa wingi Kilifi na Kwale. Umenyooka na bei yake si ya kutisha, lakini ukizikwa mchangani bila dawa, mchwa na uozo hawakawii. Wazee wetu walizoea mikoko, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kusafirisha boriti nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka 1982, na ukataji wenyewe nao umewekewa masharti mara kwa mara. Sisikitiki sana, kwa kuwa mizizi ya mikoko ni malezi ya samaki tunaowala. Lakini fundi aliyeacha mkoko akashika mvinje hana budi kubadilisha na kazi yake pia. Nguzo ipakwe dawa, na izikwe kiasi cha robo ya urefu wake au zaidi. Saruji ya mguuni isiachwe mfano wa bakuli, ambamo maji ya masika yatatuama. Iinuliwe kidogo na kuteremka pande zote. Na misumari iwe ya kupakwa zinki, kwani chuma kitupu karibu na bahari hushika kutu upesi na kuteremsha michirizi myeusi juu ya mbao.

Tukija kwenye haki, sheria yetu ya dini haikuliacha jambo hili gizani. Kila aliyekaa darsani amesikia kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta umajimaji chini yake. Alimwuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Mafakihi wana mlango mzima wa khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kukirudisha kitu. Na sisi wa madhehebu ya Shafi twapaswa kukumbuka sharti lake, kwamba arudishe upesi pindi anapoijua. Anayeijua kisha akaendelea kukitumia kitu kama aliyeridhika, haki yake humponyoka. Kwa hiyo yule mwenye kunyamaza mwaka mzima kwa muhali asidhani anafanya subira; anajikatia njia mwenyewe.

Sheria ya nchi nayo ipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, yampa mteja haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. (Kwa Kadhi usende, yeye ana ndoa, talaka na mirathi.) Lakini ni nani atakaye kumpeleka jirani yake mahakamani kwa ajili ya mbao? Bora maneno yaandikwe mapema. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, nasi twaisoma kisha twampa fundi arubuni barazani kwa kutikisa vichwa tu.

Na wateja pia tusijitakase. Mtu ataka ua umalizike kabla ya harusi ya Ijumaa, naye amekwenda mwenyewe kununua mbao za bei ya chini, bado zinatoa majimaji. Fundi akimwonya, hujibiwa, "Wewe piga misumari tu." Huyu zikimpinda, amlalamikie nani?

Ama aliye na haki, amwite fundi baada ya sala ya Alasiri, faragha, si mbele ya vibarua wake, watembee pamoja toka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho. Lango likiburuta chini, watazame gongo la mshazari: lapasa kuanzia chini upande wa bawaba na kupanda juu upande wa komeo, na likiwekwa kinyume halibebi uzito. Hilo ni kazi ya nusu saa, na fundi mwungwana atalirekebisha pale pale. Akikataa kuja, aitwe fundi wa pili atazame kabla hujang'oa hata ubao mmoja, kwani ukishaung'oa, wa kwanza atasema wewe ndiwe uliyeuharibu.