Urefu pekee hautoshi: Funzo la Hasheem Thabeet kwa shule za Endabash

Tarehe 25 Juni, 2009, jijini New York, Mtanzania Hasheem Thabeet alitajwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA). Aliyemtangulia ni Blake Griffin pekee. James Harden alikuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Kabla ya Thabeet, hakuna Mtanzania aliyekuwa amecheza ligi hiyo. Safari yake ingali na funzo kwa wazazi, walimu na viongozi wa maeneo ya vijijini kama Kata ya Endabash, wilayani Karatu.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kuanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Baada ya kusoma Makongo, alikwenda Marekani kumalizia sekondari, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Akiwa na urefu wa meta 2.21, alitunukiwa na makocha wa vyuo tuzo ya mlinzi bora wa nchi hiyo mwaka 2008 na 2009.

NBA ilikuwa ngumu zaidi. Katika msimu wa kwanza na Memphis Grizzlies alipata wastani wa pointi 3.1 kwa mchezo. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo. Hadi wakati huo, hakuna mchezaji aliyeteuliwa katika nafasi ya juu kama yake aliyewahi kushushwa huko. Alipitia pia Houston, Portland na Oklahoma City, na baadaye akacheza Japani na Taiwan.

Si haki kuiita safari hiyo kushindwa, kwani ni wachache mno duniani wanaofika alikofika. Hata hivyo, wenzake walikuwa wamemtangulia kwa miaka ya mazoezi. Curry, kwa mfano, ni mtoto wa mchezaji wa NBA na alikua mpira ukiwa mikononi. Urefu ni majaliwa. Wepesi wa miguu, ulaini wa mikono na uwezo wa kuusoma mchezo hujengwa mapema. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Karatu inaufahamu ukweli huo kupitia riadha. Mzaliwa wake, Filbert Bayi, aliweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3:32.2. Mtoto wa Endabash anaweza kuanza kukimbia njiani kwenda shuleni. Kikapu hakina njia hiyo ya mkato: kinahitaji sakafu ngumu, goli, mpira na mwalimu anayekijua.

Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ni ngazi muhimu ya kuibua vipaji, lakini mashindano hupima kile ambacho mazoezi yamekwisha kujenga. Kwa hiyo, halmashauri, kamati za shule na wazazi wanapopanga matumizi ya eneo la shule, uwanja mmoja wa kikapu unastahili kuhesabiwa miongoni mwa vifaa vya kufundishia. Kijana mrefu anayegunduliwa akiwa na miaka 15 ana bahati. Anayefundishwa tangu akiwa na miaka minane ana msingi.