Nyongeza ya Pini: Je, Tunamdhulumu Mchezaji Stadi?

Padre mmoja aliyelelewa katika nyumba hii, ambaye sasa anafanya utume katika parokia moja nchini Marekani, ametuletea swali ambalo hatukulitegemea. Parokia yake ina ligi ya bolingi. Jioni moja kila juma, wababa na wamama, wazee na vijana, hukutana kuviringisha tufe na kuangusha pini. Msimu huu mchezaji bora wa ligi ametangaza kwamba atajitoa pamoja na timu yake, kisa ni alama za nyongeza wanazopewa wachezaji wa kawaida. Paroko amemwomba padre wetu awasuluhishe. Yeye, ambaye hakuwahi kugusa tufe la bolingi kabla ya kuvuka bahari, ametuuliza: mwenye haki ni nani?

Mwanzoni tulicheka. Kisha tukabishana jioni mbili nzima baada ya chakula, hata wengine tukachelewa Sala ya Mwisho. Tuligundua kwamba swali hili ni la haki kama yalivyo maswali mengine ya haki, na kwamba linatugusa hata sisi ambao wengi wetu mchezo huo tumeuona kwenye filamu tu. Haya ndiyo maoni yetu.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Mchezaji huviringisha tufe zito kwenye njia ndefu ya mbao ili kuangusha pini 10 zilizosimamishwa mwisho wake. Mchezo mmoja una zamu 10, na kwa kawaida katika kila zamu mchezaji ana hadi mitupo miwili. Akiangusha pini zote kwa mtupo wa kwanza, huo huitwa straiki, na mitupo miwili inayofuata huongezwa kwenye alama za zamu hiyo. Mtu akipiga straiki 12 mfululizo hupata alama 300, na hakuna zaidi ya hapo. Katika ligi, kwa kawaida kila mtu hucheza michezo mitatu kwa jioni, na alama zake zote za msimu hugawanywa kwa idadi ya michezo ili kupata wastani wake.

Hapo ndipo inapoingia hendikepu, yaani nyongeza. Wanaocheza gofu wanalijua neno hilo. Ligi huchagua alama ya msingi, tuseme 220, na asilimia, tuseme 90. Kisha kila mchezaji hupewa asilimia 90 ya tofauti kati ya wastani wake na ile 220. Stadi mwenye wastani wa 200 amepungukiwa na 20, basi hupewa 18. Mama mwenye wastani wa 140 amepungukiwa na 80, basi hupewa 72. Nyongeza hizo hujumlishwa na alama walizopiga, ndipo mshindi hutangazwa.

Sasa tusikilize lalamiko. Jioni moja stadi alipiga 230, mama akapiga 180. Ukiongeza nyongeza, stadi ana 248, mama ana 252. Stadi ameshindwa kwa alama nne na mtu aliyempita kwa pini 50. Anasema: “Nimefanya mazoezi miaka mingi, na sasa mazoezi yangu yamegeuzwa kosa.” Tusimdharau. Mtu aliyejitaabisha akajifunza kazi vizuri ana haki ya kuona taabu yake inatambuliwa. Wapo wanaodhani upendo wa kikristo ni kumnyamazisha mwenye kipaji ili wengine wasijisikie vibaya. Huo ni wivu tu, hata ukiitwa upendo.

Lakini tuzitazame hesabu kwa utulivu. Stadi alipiga 30 juu ya wastani wake. Mama alipiga 40 juu ya wastani wake. Jioni ile yupi alicheza vizuri zaidi kuliko kawaida yake? Ni mama. Nyongeza haisemi kwamba mama ni hodari kuliko stadi, na kila mtu ukumbini anajua si hivyo. Inapima kitu kingine: nani leo amejitahidi kuliko jana.

Tena, kwa asilimia 90, stadi bado ana faida. Wote wawili wakicheza kwa wastani wao, yeye anapata 218 na mama 212. Ni alama sita kwa kila mchezo, alama 18 kwa jioni. Kama ligi ingetumia asilimia 100, wote wangesimama kwenye 220, na ustadi usingekuwa na uzito wowote. Kama ingetumia asilimia 80, stadi angemzidi mama kwa alama 12 kila mchezo. Kwa hiyo ile asilimia ndiyo inayoamua ustadi ubaki na uzito kiasi gani, na asilimia 90 imeacha nafasi kwa mwenye mazoezi. Tukumbuke pia kwamba katika mbio za farasi zinazotumia utaratibu wa namna hii, farasi bora hubebeshwa uzito zaidi. Katika bolingi stadi habebeshwi kitu. Hata pini moja haiondolewi kwenye alama zake.

Pamoja na hayo, tunakiri kwamba stadi ana hoja mbili za kweli. Ya kwanza, mchezaji wa kawaida hupanda na kushuka sana. Mwenye wastani wa 140 anaweza jioni moja kupiga 110 na nyingine 190. Stadi hatikisiki hivyo, na juu yake kuna dari ya 300. Ndiyo maana mara chache mchezaji dhaifu huwaka ghafla akampita kila mtu. Ya pili, wastani huchelewa kufuata maendeleo. Mtu akiwa amecheza michezo 21 kwa wastani wa 140, kisha juma moja akapiga 170 mara tatu, wastani wake unapanda hadi 143 tu, na nyongeza yake inashuka kutoka 72 hadi 69. Kwa majuma kadhaa atakuwa anapewa nyongeza ya mtu aliyekuwa zamani. Kasoro hizo zipo, lakini ni za muda. Anayeendelea kupiga vizuri, wastani wake utamfikia, na nyongeza yake itapungua.

Kasoro isiyojirekebisha yenyewe ni udanganyifu. Yupo mchezaji anayeweza kupiga 180, lakini mwanzoni mwa msimu anakosea kwa makusudi, akaacha pini zimesimama ambazo angeziangusha, hadi wastani wake usomeke 150. Badala ya nyongeza ya 36 anapata 63. Ameiba alama 27 kwa kila mchezo, na mwisho wa msimu, fedha za zawadi zilizotokana na michango ya wenzake wote zinapogawanywa, anachukua isiyo haki yake. Kanuni za bolingi zinakataza jambo hilo, lakini mwamuzi hawezi kuingia moyoni mwa mtu ajue kama amekosea au amejikosesha. Hapa tunasema bila kuzunguka: huo ni uongo, japo hakuna neno lililotamkwa, na ni wizi, japo hakuna mfuko uliochanwa. Amri ya saba na ya nane hazisimami nje ya mlango wa ukumbi wa michezo.

Hapa tulikumbuka mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo. Bwana yule aliwagawia watumishi kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Aliyepewa tano alileta nyingine tano, aliyepewa mbili alileta nyingine mbili, na wote wawili walisifiwa kwa maneno yaleyale. Hakumwuliza wa pili kwa nini hakuleta tano. Kila mmoja alipimwa kwa kile alichokabidhiwa. Na ni nani aliyekemewa? Aliyeficha alichonacho ardhini. Anayeficha uwezo wake ili apate nyongeza asiyostahili ni mwenzake huyo.

Mmoja wetu alitaka kumjibu stadi kwa mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, wale wa saa ya kwanza walionung’unika. Wengi tulikataa. Mwenye shamba alitoa fedha yake mwenyewe, na mtu anaweza kuwa mkarimu kwa kilicho chake. Ligi inagawa michango ya wote, hivyo lazima itoe sababu ya haki. Tusitumie Neno la Mungu kumziba mdomo mtu mwenye swali halali.

Sababu hiyo tunaipata kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino. Katika sehemu ya pili ya pili ya Summa, swali la 61, anafuata mafundisho ya Aristotle na kutofautisha haki ya kubadilishana, ambamo pande mbili hulipana sawasawa, na haki ya kugawa, ambamo kila mtu hupata kwa uwiano. Stadi anadai pini kwa pini, kama mnunuzi na muuzaji. Ligi inagawa heshima na zawadi ndani ya jumuiya, na mgawo huo hutazama lengo la jumuiya yenyewe. Lengo la ligi ya parokia ni lipi? Ni waamini wakutane, wacheke, wafahamiane. Katika swali la 168 Thomas huyohuyo anafundisha kwamba mchezo ni pumziko la roho, na anakumbusha kisa cha Mtakatifu Yohane aliyeonyesha kwamba upinde uliokazwa bila kulegezwa hatimaye huvunjika. Mchezo ambao mshindi wake anajulikana kabla tufe halijatupwa haumpumzishi mtu. Mwenye wastani wa 140 ataacha kuja, na baada yake mwenye 150, mwishowe mastadi watabaki wanne wakitazamana.

Hata hivyo nyongeza ina mipaka. Mashindano ya kumtafuta bingwa wa nchi hayahitaji nyongeza, kwa sababu lengo lake ni kujua nani ni hodari kuliko wote. Vivyo hivyo frateri hawezi kuomba nyongeza katika mtihani wa Teolojia ya Maadili kwa kuwa shule aliyotoka ilikuwa dhaifu. Tumsaidie kwa vitabu, kwa masomo ya ziada, kwa wenzake wa kusoma nao, lakini mwamini atakayepiga magoti mbele yake kwenye kitubio anahitaji padre anayejua. Kabla ya kutoa nyongeza, tuulize kwanza: tumekusanyika kwa ajili ya nini?

Tena ipo haki inayotangulia hesabu zote. Chama cha bolingi cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1895 kilikuwa na kanuni iliyoruhusu wanaume weupe tu kuwa wanachama. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 1950, baada ya miaka ya kushinikizwa na vyama vya wafanyakazi, watetezi wa haki na sauti za Wakatoliki pia. Katika miaka ile mtu angeweza kukokotoa nyongeza bila kukosea hata nukta, na bado ligi nzima ingekuwa dhuluma, kwa sababu wengine walizuiwa mlangoni. Leo padre Mwafrika anaombwa na parokia ya huko awapatanishe wachezaji. Hilo peke yake ni jambo la kumshukuru Mungu.

Basi, Padre wetu, ushauri wetu ni huu. Usiifute nyongeza, na usiipandishe hadi asilimia 100. Angalia alama ya msingi iwe juu ya wastani wa mchezaji bora kabisa. Ikiwa msingi ni 200 na yupo mwenye wastani wa 215, yeye hapati nyongeza, na mwenye 140 anapata 54, hivyo anafika 194 tu. Pengo la alama 21 limejificha humo bila mtu kulisema. Kwa anayerudi msimu mpya, weka kanuni kwamba wastani wake hauwezi kuhesabiwa zaidi ya pini 10 chini ya ule aliomalizia mwaka uliotangulia, ili mlango wa udanganyifu ufungwe. Na zawadi ziwe mbili: moja ya alama zenye nyongeza, nyingine ya pini zilizoangushwa kweli, bila kuongeza chochote. Stadi apigiwe makofi kwa ustadi wake mbele ya wote. Ni haki yake.

Kisha zungumza naye faraghani, kama ndugu. Mwambie kwamba waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwambie pia kwamba akiondoka, wanaopiga 140 watakosa wa kuwafundisha. Na wale wanaopewa nyongeza waambie wasiizoee. Wafanye mazoezi hadi ipungue. Yule mama akifika msimu ujao akiwa na wastani wa 160, atapewa 54 badala ya 72, na hizo 18 zilizopungua atakuwa amezipata kwa mkono wake mwenyewe.