Tusibadilishe tu kinachovunjika, tutafute kinachovunja



Wiki iliyopita kwenye mkutano mtu mmoja alisema lile lori la rimoti la kikundi lifungwe ndani ya mfuko na meza ya ufundi isimame, juu "kila siku linavunjika, na sisi hatuko hapa kuchezea vitu vya watoto." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, aibu ilinishika. Nilipofika nyumbani njo nikakasirika. Leo ninajibu.

Kwa wenye hawalijui: ni lori dogo la betri, moja kwa kumi ya gari la kweli. Mgeni aliyekuja kutufundisha alituachia. Ukiligeuza chini juu, unaona vitu vile vile vya pikapu yenye inapeleka wagonjwa hospitali Kashikishi: springi nne, shokapu nne zenye mafuta ndani, mikono ya kushika magurudumu, stelingi, difu. Hakuna shirika litampa kijana wa miaka 17 pikapu yake aifungue. Hili anaweza kulifungua, akosee, alifunge tena. Sasa niambieni, ni kitu cha watoto?

Ni kweli lilivunjika. Ndani ya wiki tano lilivunjika mara nne. Mara ya kwanza shokapu ya mbele kushoto ilichomoka kwenye kichwa chake cha plastiki. Tukaomba nyingine, tukangoja, ikafika, tukafunga. Baada ya siku tatu ule msumari wa ndani wa shokapu ukapinda. Tukaomba tena. Halafu mkono wa chini ukakatika. Halafu shokapu tena. Na kila mara tuliandika karatasi ile ile: "Tunaomba spea." Hakuna mtu aliyeandika: "Tunaomba kujua sababu."

Siku ya mara ya nne, mtoto mmoja aliyekuwa amesimama pembeni na gari lake la waya, ana labda miaka kumi, akaniuliza: "Yaya, mbona munabadilisha kile chenye kinavunjika, hamubadilishe kile chenye kinavunja?"

Nilitaka kumfukuza. Gari lake la waya lilikuwa linapita njia ile ile, mashimo yale yale, na halikuvunjika. Alikuwa ameweka vipande vya mpira kati ya ekseli na bodi, basi.

Tulikaa chini tukaanza kutafuta. Swali la kwanza lilikuwa rahisi: kwa nini kila mara mbele, na kila mara kushoto? Kama ni barabara mbaya tu, kulia nako kungevunjika. Kitu kikivunjika fasi moja mara nne, hiyo si bahati mbaya.

Tulitoa shokapu zote, tukainua kila mkono kwa kidole, tukauachia. Mkono mzima unaanguka wenyewe kwa uzito wake. Tatu zilianguka. Wa mbele kushoto ulibaki juu, umekwama. Pini yake ilikuwa imepinda kidogo sana, jicho halioni. Tuliizungusha juu ya kioo njo tukaiona inayumba. Tangu siku ya kwanza ilivyovunjika, pini haikuguswa. Tulikuwa tunafunga shokapu mpya juu ya ugonjwa wa zamani.

Sababu ya pili ilikuwa sisi wenyewe. Betri yake ilikufa, tukaunga nyingine kutoka taa za sola zilizoharibika. Nzito kuliko ya kwanza. Na tuliifunga wapi? Mbele, kushoto, juu huko njo kulikuwa nafasi. Hakuna mtu wa kulaumu hapo ila sisi.

Sababu ya tatu njo kubwa, na ninaomba muielewe vizuri. Springi inabeba uzito. Shokapu kazi yake ni kutuliza springi isiruke-ruke: mafuta yanapita pole pole kwenye matundu madogo ya pistoni, nguvu inapungua. Shokapu si ya kusimamisha gari linapoanguka. Lakini letu, likiruka na kutua, mkono ulipanda mpaka shokapu ikaisha urefu wake. Hapo si mafuta tena, ni plastiki inagonga plastiki, na uzito wote unasimama juu ya kichwa kidogo kama punje ya mahindi. Na gari likiwa hewani, mkono uliningʼinia ukaivuta shokapu mpaka mwisho upande mwingine. Kila kuruka, vipigo viwili. Hata ungeleta shokapu ya chuma, ingehamisha tu pigo kwenye mkono, na kweli njo vile: mkono ukakatika.

Dawa zake? Fundi wa kinga sokoni Kashikishi alitunyooshea pini bule. Betri tuliirudisha katikati, chini. Tulikata viduara vya mpira kutoka tyubu ya kinga iliyokufa, tukavivalisha kwenye ule msumari wa shokapu, vitatu vitatu, ili mpira upokee pigo mbele ya plastiki, na tumbo la gari liguse chini kabla shokapu haijaisha. Tukachukua uzi wa wavu, ule wa nailoni wenye wavuvi wa Mweru wanatupa, tukafunga kila mkono kwenye bodi, ili ukiningʼinia uzi ushike, si shokapu. Mikono mipya tuliichemsha kwenye maji kabla ya kuifunga, juu nailoni iliyokauka inavunjika kama kijiti, ikinywa maji inakubali kupinda. Na tuliacha kuweka mafuta ya injini ndani ya shokapu. Tulijaribu mara moja: oringi zilivimba, msumari ukakwama. Sasa ni mafuta yake ya silikoni peke yake. Kila tukitoka kwenye mchanga wa ziwa, tunapangusa misumari, juu chembe moja ya mchanga ikikwaruza pale mafuta yanaanza kuvuja.

Leo ni wiki ya saba. Shokapu ni zile zile.

Sasa nije kwa yule aliyecheka, na kwa bilo zote zenye zinafanya kazi namna yetu ya zamani.

Ninajua pampu moja ya maji, sitasema iko wapi wala ya nani, yenye ilibadilishwa kipande kile kile tena na tena. Kila mara fundi alikuja, akafunga kipya, akapiga picha, akaenda. Hakuna aliyewauliza wamama wenye kuvuta maji kama mkono unagonga, kama kuna mchanga unapanda na maji. Kwenye ripoti iliandikwa "imetengenezwa." Ndiyo, imetengenezwa, kama shokapu yetu mara nne. Ripoti yenye inahesabu spea zilizotolewa inaona kazi nyingi. Ingehesabu siku pampu ilikaa bila kuvunjika, ingeona kazi kidogo sana.

Lakini siwalaumu wakubwa peke yao. Sisi vijana tumezoea kuomba. Wengi wetu tulivuka 2017, kutoka Pweto, Moba na vijiji vya huko, tukakaa Kenani, na 2018 Mantapala ikafunguliwa. Ile siku ulikuwa unahitaji blanketi, unaomba blanketi, ni haki yako. Ila kuomba kukiwa ndiyo ufundi peke yake wenye tunaujua, hapo tumeumia. Na kila spea tunayongoja ni siku zetu zinapita, sisi ambao hata kutoka nje ya makao tunahitaji karatasi ya ruhusa. Na tuseme ukweli: lori lilivunjika pia juu tulipenda kulirusha kwenye tuta ili tupate video nzuri. Pigo tulilitoa sisi, halafu tukaandika "barabara mbaya."

Kuna wenye watasema: watu wana njaa, wewe unaandika juu ya lori la mchezo. Hilo neno silidharau. Mama yangu naye anapima unga kwa kikombe. Lakini sijaomba unga wa mtu uwe mafuta ya shokapu. Ninachosema ni kwamba kinga inayobeba mahindi inakatika spoku fasi moja kila mwezi, na mwenye kinga ananunua spoku kila mwezi, kumbe rimu imepinda. Hiyo pesa ya spoku ni unga. Kijana aliyejifunza kuinua mkono wa lori kwa kidole na kuuliza "mbona huu hauanguki?" ataizungusha na rimu ya kinga ile. Ataitazama na pampu.

Wengine watasema fundi wa kweli anafundishwa chuoni, si kwa mchezo. Sawa, leteni chuo. Mpaka kifike, tuachieni meza.

Tazameni wavuvi wa Kashikishi. Wavu ukipasuka, mvuvi anaushona, ndiyo. Lakini usiku ule ule anamuuliza mwenzake: kisiki kiko wapi? Akishajua, harudi kutupa hapo. Mvuvi mwenye kushona tu bila kuuliza kisiki, atashona mpaka uzi uishe.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja la bei kubwa.

Moja, meza ya ufundi isifungwe. Lori libaki juu yake.

Mbili, kuwe na daftari moja. Kila kitu kikivunjika, lori, kinga, taa ya sola, pampu, tuandike tarehe, kipande gani, upande gani, na nini kilitokea kabla. Kikivunjika mara ya pili fasi ile ile, hakuna kuomba spea mpaka mtu aandike sababu.

Tatu, wakubwa wa mashirika, mkileta fundi, mpeni saa moja zaidi ya kuuliza, na kijana mmoja wa kushika tochi pembeni yake. Hiyo saa moja itawapunguzia safari tatu.

Na yule aliyecheka, karibu Jumamosi kwenye meza. Utainua mkono wa lori mwenyewe. Kama nimekosea, utanionyesha mbele ya watu, na mimi nitalibeba lile lori kwa mikono yangu mpaka kwenye mfuko.