Vumbi la Zuzu Lisivuke Bahari

Asubuhi moja ya Jumapili, katika kiangazi kilichopita, tulikaribishwa nyumbani kwa ndugu mmoja mtumishi wa Serikali, mzaliwa wa Pemba, ambaye kazi za Muungano zimempeleka kuishi Zuzu, upande wa magharibi wa jiji la Dodoma. Tulimkuta uani amefungua boneti ya gari lake, kichwa kimezama ndani, na kando yake sinia kuukuu la bati. Alikuwa akitoa takataka zilizoingia safarini na kuziweka siniani mojamoja kama mtu achambuaye mchele. Yalikuwamo majani makavu ya mwarobaini, nyasi, mbegu zenye miiba, panzi waliokauka, manyoya ya kuku, na udongo mwekundu wa kutosha kuoteshea mche. Kilikuwamo pia kipande cha mfuko wa nailoni kilichokwisha kuyeyuka upande mmoja. (Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar miaka mingi kabla ya hapo, lakini yaelekea barabara haijapata habari.) Kwa nje gari lilikuwa likimetameta. Wiki ileile lilikuwa limeoshwa kwa malipo.

Sinia hilo ndilo lililotufanya tuandike. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yawe Dodoma, na hasa tangu mwaka 2016 uhamisho huo ulipoanza kutekelezwa kwa kasi, watu wa Visiwani wamezidi kuuzoea uwanda wa kati. Wako Wabunge, wako watumishi wa wizara za Muungano, wako wafanyabiashara. Barabara kuu zina lami, lakini nyumba nyingi, viwanja, mashamba na miradi ya wananchi viko nje ya lami, na huko ndiko kazi iliko. Gari likishinda huko mchana mmoja wa Agosti, upepo ukivuma na ng'ombe wakikatiza njia, hurudi na vumbi mpaka mahali ambapo mwenye gari hajawahi kupatia macho.

Takataka hizo si suala la urembo. Rejeta hukaa mbele ya injini ili ipokee upepo, na mapezi yake membamba hunasa kila kirukacho. Mbegu na panzi wakijaa humo hewa haipiti, maji yanapanda joto, na mwenye gari huambiwa kwamba pampu ya maji imekufa. Pampu hununuliwa, na joto likabaki palepale. Nyasi kavu zikidondokea bomba la moshi pale linapotokea kwenye injini, ambapo joto hufikia mamia ya digrii, huweza kushika moto, na karibu yake kuna mipira ya mafuta na waya. Majani yanayokusanyika chini ya kioo cha mbele huziba matundu ya kutolea maji. Mvua za Desemba zikija, maji hutafuta njia nyingine na kuingia ndani ya gari. Panya naye akikuta majani makavu na mahali pa joto, hajioni mgeni. Hujenga kiota, kisha hutafuna waya.

Kazi ya kuyaondoa hayo haihitaji karakana. Ndugu yetu wa Zuzu aliifanya kwa brashi ya rangi yenye nywele laini, glavu, kitambaa cha kufungia pua na subira. Injini ilikuwa imepoa tangu usiku, na kifuniko cha rejeta hakukigusa, kwa maana maji ya moto yaliyobanwa yameunguza nyuso za watu wengi. Ufunguo aliuondoa na waya wa hasi wa betri akaufungua, kwa sababu feni za umeme za magari mengi ya sasa zaweza kuzunguka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Vitu vikubwa alivitoa kwa mkono wenye glavu, na hapo tahadhari si ya miiba tu bali ni ya nge pia. Rejeta aliisukuma uchafu kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani autoe kwa njia ulioingilia, bila kutumia brashi ya waya ambayo hupinda mapezi. Chujio la hewa, ambalo ni la karatasi, alilikung'uta polepole wala hakuliosha.

Maji hakutumia hata kikombe. Hapa tunapenda kusema na ndugu zetu wa Visiwani, maana sisi tumezoea maji. Unguja hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, ilhali Dodoma kwa kawaida haifikii 600, na mtu wa Zuzu anajua bei ya ndoo. Lakini hata pasingekuwa na uhaba, mashine ya kusukuma maji kwa nguvu haifai chini ya boneti. Hupenyeza maji kwenye viungo vya waya na kwenye altaneta, na gari lililokuja likitembea huondoka likivutwa. Wanaosugua injini kwa petroli au mafuta ya taa wanachezea maisha yao. Tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba twahara hufika puani na nyuma ya masikio, na kwamba aliyekosa maji anayo ruhusa ya kutayamamu. Gari, kwa bahati nzuri, lapendelea hilo la pili.

Liko jambo jingine ambalo kwa mtu wa Bara si kubwa sana, ila kwa mtu wa kisiwani ni zito. Magari yanayotoka Bara huvuka kwa meli, nayo huvuka na yaliyomo chini ya boneti. Udongo uliojibanza pembeni hushika unyevu wa bahari wenye chumvi, na bati huanza kuliwa kutoka mahali pasipoonekana. Hilo ni hasara ya mwenye gari. Mbegu ni hasara ya sote. Huko Arusha, mnamo mwaka 2010, liligunduliwa gugu linaloitwa gugu karoti, ambalo huharibu malisho, huwasha ngozi, na mmea wake mmoja hutoa mbegu kwa maelfu. Mbegu hizo husafiri kwa maji, kwa mifugo, na kwa tope la magari. Hatusemi kwamba zimo katika kila sinia la takataka. Twasema kwamba hakuna atazamaye. Australia na New Zealand hukagua magari yanayoingia, na likikutwa na udongo au mbegu husafishwa kwa gharama ya mwenyewe. Sisi tuna funzo letu la karibu zaidi. Kunguru wa India waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, na hadi hii leo vifaranga vya kuku na mayai ya ndege wetu ndivyo vinavyolipa.

Kwa viongozi na maofisa tuna maneno ya wazi. Dereva wa Serikali hurudi safarini usiku, na alfajiri anatakiwa awe mlangoni kwa bosi. Hapewi nusu siku ya kufungua boneti, na stoo haina brashi wala glavu. Lakini fedha za pampu mpya hupatikana, na za kuoshea gari kwa nje hazikosi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, magari ya umma yalisimama kwa kukosa vipuri, na madereva wa zama hizo waliitunza injini kwa sababu walijua kwamba nyingine haiji. Leo vipuri vimejaa madukani, na wingi huo umetulegeza. Gari la umma likichemka njiani chanjo hazifiki zahanati, na mama aliyetembea kilomita kadhaa na mtoto mgongoni hurudi kwao bila ya kupata alichofuata.

Kwa hiyo tunaomba kila safari ya nje ya lami ifuatwe na nusu siku ya matengenezo, iandikwe katika daftari la gari, na mkubwa anayelipanda alitie sahihi baada ya kutazama kwa macho yake. Tunaomba pia wakaguzi wa kilimo bandarini wafungue boneti za magari yanayopanda meli kuja Visiwani, yakiwamo ya waheshimiwa.

Ndugu yetu wa Zuzu alimaliza mnamo saa nne. Kile kipande cha nailoni alikitenga. Mbegu na nyasi hakuzimwaga kwenye shamba la mtama la jirani. Alizitia shimoni, akaziwasha moto, akasimama hapo mpaka zikawa majivu.