Makapteni wa Haarlem, makapteni wa Liuli

Jamani, leo naomba tuongee habari ya picha. Si za simu. Nazungumzia picha za rangi ya mafuta, zenye umri wa miaka mia nne.

Mwaka 2019 nilikuwa Uholanzi kwa mafunzo mafupi ya uandishi. Jumamosi moja wenzangu wakabaki Amsterdam kushangaa mifereji na baiskeli, mimi nikapanda treni kwenda Haarlem, mji wa jirani, mwendo wa kama robo saa tu. Mwenyeji wangu alikuwa amenisisitizia nisiondoke bila kuyaona makumbusho ya Frans Hals. Nilikwenda ili kumridhisha. Sanaa ya Kizungu na mimi hatukuwa na urafiki, na nilijua nakwenda kuona wafalme na malaika.

Sikukuta wafalme. Nilikuta mgambo.

Siyo mgambo hawa wetu wa kufukuza machinga. Haarlem ya wakati ule ilikuwa na vikosi vya raia vya kulinda mji, na maofisa wake walikuwa watu wa kawaida wenye fedha zao: watengeneza pombe, wafanyabiashara wa vitambaa. Walishika vyeo kwa miaka mitatu, na mwisho wa zamu walifanyiwa karamu. Kisha walichanga hela, wakamwita mchoraji awachore wakiwa mezani. Frans Hals, aliyefariki mwaka 1666, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Ya kwanza aliichora mwaka 1616. Inajaza ukuta. Kuna kapteni, kuna luteni, kuna washika bendera, wamevaa mishipi ya rangi, na kila mmoja amekaa mkao wa kusema "na mimi nilikuwepo".

Nikacheka peke yangu, mpaka mlinzi wa ukumbi akanigeukia. Nilicheka kwa sababu nilimwona babu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa kapteni wa mganda, Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa. Kwa ninyi mliozaliwa Sinza na Mikocheni, mganda ni ngoma ya wanaume wa ziwani, upande wetu na upande wa Malawi pia. Wanaume wanapanga mistari, kaptula nyeupe, soksi ndefu, wanapiga hatua kama kwata. Wanaimba kwa malipenga ya kibuyu yaliyobandikwa utando wa buibui ili sauti itetemeke. Na vyeo vipo, kama jeshini. Si ajabu, maana ngoma hii imeiga gwaride za askari wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Liuli yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, iliionja vita hiyo mapema: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Kwa hiyo unaelewa nilichokiona pale Haarlem. Mavazi ya kijeshi bila ya kuwa jeshi. Vyeo vinavyogombewa na watu ambao kesho yake wanarudi kwenye kazi zao, huko mapipa ya pombe, huku nyavu na mihogo. Na karamu mwisho wake. Watu wale wale!

Tofauti ni moja. Yule mtengeneza pombe wa Haarlem namjua sura, masharubu mpaka kitambi. Babu yangu simjui. Alifariki kabla sijazaliwa na hakuna picha yake hata moja. Shangazi anasema nimechukua paji lake la uso, basi, ndiyo makumbusho yetu hiyo. Lipenga lake lilibaki nyumbani miaka mingi, likawekewa mbegu za maboga, mpaka likapasuka.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tumezoea kudhani kwamba makumbusho yanawekwa mahali palipokuwa na mambo makubwa. Haarlem ilinifundisha kinyume chake. Mambo ya wale mgambo hayakuwa makubwa kuliko ya mganda. Yanaonekana makubwa kwa sababu kuna watu walitoa hela yakachorwa, na mji ukazitunza picha. Ukubwa ulikuja baadaye, kwa kutunzwa.

Na angalieni walivyotunza. Makumbusho yale yalianza mwaka 1862 ndani ya ofisi za mji, kwa picha ambazo mji tayari ulikuwa nazo. Hawakusubiri jengo. Miaka hamsini na moja baadaye, 1913, ndipo walipohamia kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa kwa ajili ya kutunza wazee maskini. Humo kuna picha mbili za mwaka 1664, moja ya wanaume waliosimamia nyumba hiyo, nyingine ya wanawake. Ziko katika nyumba ile ile waliyoisimamia! Wale akina mama wanakutazama kama shangazi anayejua kabisa saa ngapi umerudi jana.

Kuna na sehemu ya pili, katikati ya mji, penye uwanja mkubwa. Sehemu ya majengo yake ilikuwa soko la nyama, jengo la mwanzoni mwa miaka ya 1600. Bucha! Siku hizo mle ndani walikuwa wakionyesha sanaa za kisasa, video na picha za wasanii wanaoishi leo. Yaani ya kale na ya leo chini ya jina moja. Hakuna anayeambiwa kwamba utamaduni ni kitu cha marehemu tu.

Sasa tuje kwetu. Nikisema maneno haya nyumbani napata majibu ya aina mbili.

La kwanza: "Vitu vyetu viko Ulaya, warudishe kwanza." Naliheshimu sana jibu hili. Ukitoka Mbinga kwenda Songea utayakuta Makumbusho ya Majimaji, na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika pale Songea akaomba radhi, akaahidi kusaidia kukitafuta. Hilo ni deni, na tuendelee kulidai bila aibu. Hata Haarlem haina picha zake zote. Picha ya Malle Babbe, mwanamke wa mji huo anayecheka na bundi begani, iko Berlin. Lakini ile ilifika Berlin kwa kununuliwa. Kichwa cha binadamu hakiuzwi. Tusichanganye mambo hayo mawili.

Ila deni la Mjerumani halikulipasua lipenga la babu. Lile tulilipasua wenyewe. Hakuna Mzungu aliyetukataza kuandika majina ya makapteni wa mganda wa miaka ya 1950, au ya akina mama walioongoza kioda. Tunapodai vya zamani huku vya juzi vinatuponyoka mikononi, siku vikirudi tutavipokea tukiwa hatuna wa kutueleza ni vya nani.

Jibu la pili ndilo linalonipa shida zaidi: "Zahanati haina dawa, wewe unaleta picha?" Alinijibu hivyo mjomba, Mbinga mjini, na nilinyamaza kwa sababu ana haki. Sitaki hela ya dawa ijenge makumbusho. Lakini mjomba huyo huyo, tulipoendelea na mazungumzo, alilalamika kwamba watoto wake hawajui kuchimba ngoro. Ngoro, ndugu zangu, yale mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko mikali, yanayozuia maji ya mvua yasikokote udongo huku nyasi zikioza ndani kuwa mbolea. Watu wazima wa fani ya kilimo husafiri kuja kujifunza kitu hicho, na kijana wa Mbinga anakiona ushamba. Kumbukumbu ikipotea, shamba nalo linafuata. Kwa hiyo si picha dhidi ya dawa. Kijiji kinachojua kilikuwa na watu wa maana kinadai hata dawa kwa sauti nyingine.

Mimi siombi jengo. Naomba ukuta. Halmashauri ya Mbinga ina kuta, na ya Nyasa, iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, inazo pia. Kila mwaka ipigwe picha moja nzuri ya kikundi kimoja: wacheza mganda, mama wachimba ngoro, viongozi wa chama cha msingi cha kahawa. Itundikwe na majina yote yaandikwe chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Gharama yake ni ndogo kuliko soda za kikao kimoja. Baada ya miaka hamsini na moja tutahesabu tuna nini.

Krismasi iliyopita nilikwenda Liuli nikajaribu mwenyewe. Vijana wa mganda walikuwa wanashindana, na kila mtu anarekodi kwa simu. Video nyingi, ila simu ikiibwa au ikitumbukia ziwani, kwisha. Nikawapanga, nikapiga picha moja, nikaandika majina kumi na saba. Nikaisafisha Songea, nikaiwekea fremu, nikaipeleka ofisi ya kijiji. Ukutani mlikuwa na picha mbili tu, ya Rais na ya Mwalimu. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri huduma akaisogelea, akasoma majina polepole kwa kidole. Akafika kwa kapteni, akasema, "Huyu babu yake naye alikuwa kapteni. Alimpokea babu yako."

Hilo nilikuwa silijui. Nimelijua kwa sababu kulikuwa na kitu ukutani cha kusogelea.

Haya, nimemaliza. Nina swali moja kwenu: katika ofisi ya kijiji chenu, au ya mtaa wenu huko mjini, ukutani kuna picha ya nani? Na ni nani alipaswa kuwepo na hayupo?