Malaria na Ukuta wa Mshipa wa Damu: Somo Litokalo Korogwe

Kila mwanafunzi wa sekondari aweza kuchora mbu jike wa Anofelesi na kueleza jinsi kimelea cha malaria kiingiavyo katika chembe nyekundu ya damu. Lakini akiulizwa kwa nini mtoto mmoja huugua homa akapona, na mwenzake huzimia akafa, mara nyingi hana jibu. Sehemu kubwa ya jibu imo katika ukuta wa mishipa midogo ya damu, na shule zetu hazina budi kulifundisha.

Damu hugandishwa na kimeng'enya kiitwacho thrombini. Ili mgando usivuke mpaka, ukuta wa mshipa una kipokezi kishikacho protini C. Protini hiyo ikiisha kuamshwa huzuia mgando usiendelee, tena huulinda ukuta usivuje.

Kimelea hukaa ndani ya chembe nyekundu kwa muda wa saa 48. Katika nusu ya pili ya muda huo hutokeza juu ya chembe protini yenye kunata, ili chembe ing'ang'anie mshipani isipelekwe kwenye wengu na kuharibiwa. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya na Marekani, pamoja na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye maabara Korogwe, walionyesha kuwa protini zihusianazo na malaria kali hushika kipokezi kile kile cha protini C. Mgeni amekalia kiti cha mlinzi. Ndipo mishipa huziba kwa chembe zilizonata, ukuta huvuja, na breki ya mgando hulegea. Ubongo, ambao vipokezi vyake ni vichache, huathirika zaidi.

Mwenye elimu nusu atasema: basi mgonjwa apewe dawa ya kuzuia damu isigande. Heparini ilijaribiwa zamani, ikaachwa kwa hatari ya kutokwa na damu. Njia iliyo bora ni kuua kimelea kabla hakijanata. Artesuneti huua hata vimelea vichanga. Kwinini huwapata hasa waliokwisha komaa. Tofauti hiyo ilipimwa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Korogwe na Muheza zikiwamo. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesuneti asilimia 8.5.

Wapo wasemao kuwa mambo ya molekuli ni anasa kwa shule isiyo na hadubini. Hoja hiyo haina nguvu. Ubao, chaki, na mfano wa kufuli lililozibwa kwa ufunguo usio wake vyatosha kwa kipindi kimoja. Faida yake si kufaulu mtihani tu. Kijana aelewaye kwamba kila saa ipitayo chembe nyingine zinanata katika ubongo wa mdogo wake, hatakubali asubiriwe hadi asubuhi. Atawahimiza wazazi waende hospitali usiku ule ule.

Watoto wa Korogwe na wazazi wao waliitoa damu ili elimu hii ipatikane. Ni haki yao irudi kwao, na mlango wake wa kwanza ni darasa la biolojia.