Pointi mbili zilizomkosesha Verstappen taji: Jedwali la langalanga humbeba nani?

KATIKA mbio za mwisho za msimu wa 2025, zilizofanyika Abu Dhabi mwezi Desemba, Max Verstappen wa Red Bull alivuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza, akapanda jukwaa la washindi, na bado akaondoka bila ubingwa. Taji la dunia lilikwenda kwa Lando Norris wa McLaren aliyemaliza wa tatu siku hiyo. Hesabu ya mwisho ilikuwa pointi 423 kwa 421. Katika msimu mzima Verstappen alishinda mbio nane, Norris saba.

Hakuna aliyedhulumiwa, kwani kanuni zilijulikana kabla ya mbio za kwanza. Hata hivyo, matokeo hayo yamefufua swali lenye umri mkubwa kuliko madereva wote wanaoshindana leo: bingwa wa langalanga awe yule anayeshinda mara nyingi zaidi, au yule asiyetoka mikono mitupu?

Jibu hutolewa na jedwali la pointi, na hasa na namba mbili zilizo juu kabisa, yaani anachopewa wa kwanza na anachopewa wa pili. Pengo baina ya namba hizo ndilo linaloamua dereva aendeshe vipi.

Ubingwa wa dunia ulipoanza mwaka 1950, mshindi alipewa pointi nane na wa pili sita, na waliopata chochote kwa nafasi zao walikuwa watano tu. Pengo lilikuwa dogo, na mwaka 1958 Stirling Moss aliyaonja machungu yake. Alishinda mbio nne, lakini taji likachukuliwa na Mike Hawthorn aliyeshinda moja tu, kwa pointi 42 dhidi ya 41. Uchungu ulizidi kwa kuwa katika mbio za Ureno mwaka huo Moss mwenyewe ndiye aliyemtetea Hawthorn asifutiwe matokeo.

Itakumbukwa pia kwamba kwa miaka mingi hazikuhesabiwa mbio zote. Mwaka 1988 Alain Prost alikusanya pointi 105 na Ayrton Senna 94, lakini bingwa akawa Senna, kwa sababu yalihesabiwa matokeo bora 11 tu kati ya 16, na kwa hesabu hiyo Senna alikuwa na 90 dhidi ya 87. Utaratibu huo, ambao shabiki wa kawaida alihitaji kalamu na karatasi kuufuata, uliachwa mwaka 1991. Wakati huo huo mshindi akapandishwa hadi pointi 10, wa pili akabaki na sita.

Kisha akaja Michael Schumacher. Mwaka 2002 alitwaa ubingwa mwezi Julai nchini Ufaransa, zikiwa zimesalia mbio sita. Wakuu wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) wakaona mashindano yanapoteza ladha, na mwaka uliofuata wa pili akaongezwa hadi pointi nane.

Badiliko hilo linaonekana dogo hadi lipigiwe hesabu. Chukua madereva wawili katika mbio tano: mmoja ashinda nne na gari lake liharibike katika ya tano, mwenzake awe wa pili mara zote tano. Kwa jedwali la 1991, wa kwanza ana 40 na mwenzake 30. Kwa jedwali la 2003 wote wana 40. Dereva ambaye hajashinda hata mara moja analingana na mshindi wa mbio nne! Si ajabu kwamba mwaka 2003 Kimi Räikkönen, kwa ushindi mmoja tu wa Malaysia, alipambana na Schumacher hadi mbio za mwisho za Suzuka na kuzidiwa kwa pointi mbili, ilhali Schumacher alikuwa ameshinda sita.

Mwaka 2008 Felipe Massa alishinda mbio sita na Lewis Hamilton tano, lakini Hamilton akawa bingwa kwa pointi moja. Bernie Ecclestone alitaka pointi ziachiwe nafasi na medali, na Machi 2009 FIA ilitangaza kwamba mwenye ushindi mwingi ndiye atakayekuwa bingwa. Timu zilipinga, na uamuzi ukawekwa kando kabla ya mbio za kwanza.

Suluhu ilikuja mwaka 2010: pointi 25 kwa mshindi, 18 kwa wa pili, hadi moja kwa wa 10. Kwa mfano ule ule, mshindi wa mbio nne sasa ana 100, na wa pili wa kudumu 90. Ushindi umepata thamani, lakini si kama wa 1991.

Nyongeza nyingine hazikudumu. Pointi maradufu za mbio za mwisho zilijaribiwa mwaka 2014 pekee. Pointi ya mzunguko wa kasi zaidi, iliyorejeshwa 2019, iliondolewa kuanzia 2025. Mwaka uliotangulia, huko Singapore, Daniel Ricciardo wa timu ndugu ya Red Bull alimnyang'anya Norris mzunguko huo ilhali yeye mwenyewe, akiwa wa 18, hakuwa na haki ya kupata kitu.

Kwa timu ndogo suala ni la fedha, maana mgawo wa mapato hufuata msimamo wa timu. Marussia ilisubiri tangu 2010 hadi Monaco 2014, Jules Bianchi alipomaliza wa tisa na kuipatia pointi mbili. Kwa jedwali la 2003 nafasi ya tisa haikuwa na kitu. Pointi hizo mbili ziliiweka Marussia juu ya Sauber, iliyomaliza msimu na sifuri.

Mwaka 2024 lilijadiliwa wazo la kuwapa pointi madereva 12, lakini halikupita. Kwa kuingia Cadillac kama timu ya 11 katika msimu wa 2026, magari yamefikia 22, na jedwali linaishia pale pale, nafasi ya 10.